Naomba kuelezwa maisha ya Johnny Dyani, mpiga besi wa jazi

Besi wa Kirumba: Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ni mwaka wa saba sasa napiga gitaa la besi katika bendi ya dansi hapa Mwanza. Majuzi rafiki yangu aliniachia rekodi ya Johnny Dyani, mpiga besi wa Afrika Kusini, na kila nikitoka kazini naisikiliza barazani hadi taa za mitumbwi ya dagaa zinapowaka ziwani. Katika bendi yetu kazi yangu ni kushikilia mapigo ili gitaa la solo lipate kutamba, lakini yeye besi yake ndiyo inayouliza na ndiyo inayojibu. Alikuwa nani? Na je, aliyezoea gitaa anaweza kuhamia besi kubwa ya kusimama?

Mzee wa Capri Point: Kijana wangu, umeuliza habari ya mtu ninayempenda sana. Dyani alikulia Duncan Village, kitongoji cha Waafrika mjini East London, huko huko Afrika Kusini. Alikuwa hajatimiza miaka ishirini alipojiunga na Blue Notes, kundi lililokuwa na Waafrika watano na mpiga kinanda mmoja Mzungu, Chris McGregor, jambo ambalo sheria za ubaguzi wa rangi hazikulivumilia. Mwaka 1964 walialikwa kwenye tamasha la Antibes, Ufaransa, na wengi wao wakabaki ughaibuni, kwanza Uswisi, kisha London. Miaka ya 1970 Dyani alihamia nchi za Skandinavia. Huko ndiko alikorekodi “Song for Biko” mwaka 1978, chini ya mwaka mmoja baada ya Steve Biko, mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyepinga ubaguzi wa rangi, kufia mikononi mwa polisi. Ukiisikiliza utatambua kwamba nyumbani hakukumtoka kamwe, kwa kuwa chini ya uhuru wote ule wa jazi bado kuna nyimbo za kwao, zile zinazoimbwa kwa kupokezana.

Dada wa Nyegezi: Kaka, kuhamia unaweza, nami nilipita njia hiyo hiyo. Nyuzi ni nne na sauti zake zimepangwa kama za gitaa lako, isipokuwa shingo haina vyuma vya kukuonyesha mahali pa kubonyeza, na uzi una urefu wa zaidi ya mita moja, wakati wa gitaa la besi huwa kama sentimita 86. Kwa hiyo sikio ndilo linalokuongoza. Karibu na kichwa cha besi, kidole cha pete na cha mwisho hubonyeza pamoja kama kidole kimoja, maana peke yake kila kimoja hakina nguvu ya kutosha. Mkono wa kulia nao hudonoa kwa ubavu wa kidole cha shahada. Wiki ya pili malengelenge yangu yalipasuka, nikaacha damu kwenye ubao. Usikate tamaa, sugu huota.

Besi wa Kirumba: Shikamoo mzee, na asante sana dada. Mzee, mwisho wake ulikuwaje?

Mzee wa Capri Point: Marahaba. Mwaka 1986 aliugua ghafla akiwa kwenye onyesho Berlin Magharibi, akafariki akiwa bado kijana. Mwaka uliofuata wenzake watatu wa Blue Notes, yaani McGregor, Dudu Pukwana na Louis Moholo, waliingia studio kumwombolezea. Walipiga kinanda, saksafoni na ngoma. Mpiga besi mwingine hawakumtafuta.