Jakuzi linalogeuka jeupe kwa maji ya kisima cha jiwe la matumbawe: ni klorini pungufu au ni chokaa?

MsimamiziPaje

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu.

Ninasimamia nyumba ndogo ya wageni huku Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako mwenye nyumba ameweka jakuzi la lita 1,500 hivi kwenye baraza ya nyuma. Tunalijaza kwa maji ya kisima chetu wenyewe, kilichochimbwa kwenye jiwe la matumbawe kama visima vya majirani, na maji yake yana uchumvi kidogo, ingawa mtu huyaogea bila shida. Siku ya kujaza huwa safi kabisa. Lakini hita ikishayafikisha nyuzi joto 38 na mapovu yakawashwa kwa jioni moja, maji yote hugeuka rangi ya tui jepesi, na ukipitisha kidole kwenye ukingo yanapoishia maji, unahisi mkwaruzo wa chembe nyeupe zisizotoka kwa sabuni.

Tunatumia klorini ya unga ya asilimia 65, ile inayouzwa kwa ndoo kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea. Maji yakigeuka meupe, kijana anayelitunza huongeza klorini, kwa sababu muuzaji alimweleza kwamba weupe ni dalili ya klorini kupungua. Karatasi za kupimia zinaonyesha pH (kipimo cha uasidi; juu ya 7 maji hayana asidi) ya 8.2 au zaidi, alkalini (uwezo wa maji kupinga pH isibadilike) imepita rangi ya mwisho iliyochorwa kwenye kopo, na klorini mara nyingine husoma sifuri hata baada ya kuwekwa vijiko kadhaa. Fundi aliyekuja kutazama hita aliitoa ikiwa imevishwa gamba la chokaa, gumu kiasi cha kugongwa kwa nyundo. Kibaya zaidi, juzi wageni wawili walitokwa na vipele mgongoni na mapajani.

Naomba kuelekezwa: nianzie wapi, na je, maji haya ya kisima yanaweza kutumika, au ninunue ya boza?

FundiDiani

Ndugu Msimamizi, pole na kazi. Huku Diani tunachota kwenye jiwe la aina hiyo hiyo, kwa hiyo ninayatambua maji yako kabla hujamaliza kuyaeleza. Klorini siyo tatizo lako la kwanza. Chokaa ndiyo tatizo, na kila kijiko cha ile klorini ya unga kinaizidisha.

Mvua inapopenya ardhini hubeba hewa ya ukaa kutoka kwenye udongo, na maji hayo yenye asidi kidogo huyeyusha matumbawe njiani. Chini kisimani chokaa hukaa imeyeyuka, huioni. Ukiyapasha maji moto na kuyapigia mapovu, unaifukuza hewa ya ukaa, pH inapanda, na chokaa inatoka ndani ya maji ikiwa unga mweupe. Tena chokaa haifanani na chumvi wala sukari, kwa maana huyeyuka kwa shida zaidi kadiri maji yanavyokuwa ya moto, na ndiyo sababu huanza kuganda kwenye hita kabla ya mahali pengine popote. Sasa tazama klorini yako: ile ya unga ni haipokloraiti ya kalsiamu, yaani kila miligramu 10 za klorini kwa lita unazoongeza huja na miligramu 7 hivi za ugumu (kipimo cha kalsiamu iliyoyeyuka majini), na yenyewe huisukuma pH juu. Juu ya hayo, kwenye pH ya 8.2 sehemu ya klorini iliyo katika hali yake kali ya kuua vijidudu haifiki hata moja ya tano, ilhali kwenye 7.4 huzidi nusu. Muuzaji amekuuzia ndoo nyingi, kazi hakuna.

Anza na vipimo. Karatasi zile zikishafunguliwa kwenye unyevunyevu wa pwani huharibika upesi, kwa hiyo tafuta kopo la kupimia kwa matone. Hiyo sifuri ya klorini pia naitilia shaka, kwa sababu klorini ikizidi mno huunguza rangi ya kipimo. Ukitumia matone, utayaona maji yakimeta waridi papo hapo, kisha yanapoteza rangi mkono wako ukiwa bado umeshika kopo, na mtu asiyetazama mwanzo wake atasoma kwamba hakuna klorini. Ukiwa na wasiwasi, changanya sehemu moja ya maji ya jakuzi na sehemu nne za maji ya chupa, pima, kisha zidisha jibu mara tano.

Baada ya hapo shusha alkalini, kwani ndiyo inayoivuta pH juu kila mapovu yanapowashwa. Maji ya namna yako nayapeleka kwenye miligramu 80 kwa lita au chini yake kidogo. Kwa lita 1,500, mililita 30 za asidi ya bwawa, yaani haidrokloriki ya asilimia 33, hushusha alkalini kwa miligramu 10 hivi. Ukianzia 300 utahitaji zaidi ya nusu lita, lakini usithubutu kuimimina yote kwa pamoja. Weka mililita 100, pampu ikizunguka, acha saa moja, pima. pH ikishuka chini ya 7.0, asidi ipumzike, washa mapovu huku kifuniko kikiwa wazi. pH itapanda yenyewe bila alkalini kurudi. Halafu weka tena, na urudie hivyo hadi ufike. Asidi hutiwa kwenye ndoo ya maji, kamwe si maji kwenye asidi. Vaa glavu na miwani, na asidi isisogee karibu na ndoo ya klorini hata ikiwa imefungwa, kwa sababu vikikutana hutoa gesi ya klorini.

Asidi haiondoi ugumu wenyewe. Huo unaupunguza kwa kuchanganya maji. Wakati wa masika kinga maji ya paa la bati kwenye tangi. Kama kisima chako kina ugumu wa 400, nusu kwa nusu na maji ya mvua itakupa 200, nami napenda jakuzi likae kati ya 150 na 250. Kuhusu boza, muulize dereva amechota wapi, maana akiwa amejaza kwenye kisima cha kijiji cha pili utakuwa umenunua chokaa ile ile kwa bei ya usafiri. Ipo pia mashine ya kulainisha maji, inayobadilisha kalsiamu kwa sodiamu, lakini haigusi uchumvi, na uchumvi huo hula hita za chuma cha pua. Ukibadilisha hita, tafuta ya titani.

Klorini ya unga iache. Mimi kwenye jakuzi za watu binafsi huanza na diklo (aina nyingine ya klorini, isiyo na kalsiamu) kwa siku chache, kisha nahamia klorini ya maji.

MzeeWaBwawa

Nina bwawa Kigamboni mwaka wa ngapi sasa, na sijawahi kusumbuka na hesabu zote hizi. Tia shabu usiku, asubuhi uchafu wote umelala chini. Kisha weka vidonge vya klorini kwenye kile kikombe kinachoelea, usahau. Nawaheshimu mafundi, ila mambo mengine mnayakuza.

FundiDiani

Mzee wangu, shikamoo. Kwa bwawa la lita elfu themanini sibishani nawe. Shabu ni dawa ya siku nyingi na inafanya kazi. Lakini inahitaji maji yatulie usiku kucha, kisha uchafu ufyonzwe na kutupwa nje bila kupita kwenye chujio. Jakuzi halina utulivu huo wala mfereji huo wa kutupia: pampu hulizungusha lenyewe mara kadhaa kwa siku, na shabu yote huishia kwenye chujio la karatasi na kuliziba. Vidonge navyo, katika maji ya moto, huyeyuka upesi kuliko vilivyokusudiwa, vina asidi kali, na huacha asidi ya sayanuriki, ile inayoikinga klorini na jua, isiyoondoka mpaka umwage maji. Na kwa kuwa Msimamizi bado ana ndoo yake ya klorini ya unga, naomba nisisitize: vidonge hivyo, viitwavyo triklo, na klorini ya unga visikutane kwenye kikombe kimoja, kijiko kimoja wala kopo moja, hata vikiwa vikavu. Huwaka moto, na huweza kulipuka.

AfisaAfyaTanga

Nimefuatilia mjadala, nami ningependa turudi kwenye vile vipele, kwa sababu chokaa huharibu hita lakini vipele vinahusu watu.

Vipele vinavyotokea mgongoni na mapajani, hasa palipofunikwa na nguo ya kuogelea, muda mfupi baada ya mtu kukaa ndani ya jakuzi, mara nyingi husababishwa na bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Kwa wengi hupona vyenyewe, ila mgeni mwenye homa au anayeona vinaenea apelekwe kwa daktari. Bakteria huyu hujenga utando ndani ya mabomba, mahali ambapo klorini ya juu juu haimfikii, kwa hiyo kubadilisha maji peke yake hakutoshi. Tumia dawa ya kusafishia mabomba ya jakuzi, acha pampu izunguke, na usishangae yatakayotoka kwenye matundu: vipande vya utando wa kijivu, vyenye utelezi na harufu ya uvundo. Mwaga, sugua, suuza, na ubadilishe chujio au uliloweke kwanza kwenye dawa ya kuondoa mafuta. Chujio lenye mafuta lisianziwe kwa asidi, kwani asidi huyagandisha mafuta humo humo.

Hapa natofautiana kidogo na Fundi. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinataka jakuzi liwe na klorini huru (ile ambayo bado haijafungamana na uchafu) isiyopungua miligramu 3 kwa lita, au bromini isiyopungua 4, pH kati ya 7.0 na 7.8, na joto lisilozidi nyuzi 40; pia kinashauri asidi ya sayanuriki isitumike kabisa kwenye jakuzi, kwa vile huipunguzia klorini kasi yake. Diklo huleta asidi hiyo. Nyumba ya wageni, ambamo watu wasiofahamiana huingia maji yale yale, ningeitaka itumie klorini ya maji tangu siku ya kwanza. Jiki ya kawaida isiyo na manukato yatosha; ikiwa lebo inasema asilimia 3.5, mililita 43 hivi zitaongeza miligramu 1 kwa lita kwenye jakuzi lako. Pima kabla wageni hawajaingia na baada ya kutoka, uandike kwenye daftari. Mahali pa jua, kifuniko kikae mchana kutwa, maana bila ile asidi jua huimaliza klorini upesi.

Wapo watakaoona ninatisha. Mwaka 1999, kwenye maonyesho ya maua ya Bovenkarspel huko Uholanzi, jakuzi lililowekwa tu kama bidhaa ya kuonyeshwa lilirusha mvuke wenye bakteria wa Legionella, na watu wasiopungua 32 walifariki, wengi wao wakiwa wapita njia ambao hawakutia hata mguu majini. Legionella hustawi katika joto lile lile tunalolipenda ndani ya jakuzi, na huingia kwa kuvutwa pumzi, si kwa kunywa.

Jambo jingine ni mafuta. Nyumba nyingi za huko humkanda mgeni kwa mafuta ya nazi au kumpaka singo (mchanganyiko wa kusugulia ngozi), kisha humwelekeza moja kwa moja kwenye jakuzi. Mafuta na singo ya mtu mmoja humaliza klorini ya jioni nzima, na ndiyo hutoa lile povu zito linalobaki hata mapovu yakizimwa. Bafu ya maji na sabuni iwe kabla ya jakuzi, si baada yake, na mgeni aliyekandwa apewe nafasi siku ya pili. Watoto chini ya miaka mitano wasiingie.

MsimamiziPaje

Ahsanteni sana, hasa kwa hilo la singo, kwa sababu hapa ndiyo imekuwa desturi. Nina maswali mawili yamebaki. Tubadilishe maji kila baada ya muda gani? Na maji ya kumwaga yapelekwe wapi, ikizingatiwa kwamba kisima kiko umbali wa hatua chache tu kutoka barazani?

FundiDiani

Kwanza, kuhusu diklo, kwa nyumba ya wageni Afisa ana hoja nami naikubali.

Muda wa kubadilisha hukadiriwa hivi: gawa lita za jakuzi kwa 11, kisha gawa kwa idadi ya wanaoingia kwa siku. Lita 1,500 kwa watu wanne ni siku 34 hivi, lakini wakiwa kumi kwa siku, zisizidi wiki mbili. Maji yakitoa harufu kali ya klorini kabla ya hapo, ile si klorini nyingi, bali ni klorini iliyokwisha kufungamana na jasho na mkojo. Yazidishie klorini huru kwa mara kumi ya kiasi kilichofungamana, bila mtu ndani, au yamwage tu.

Kuhusu mahali pa kumwaga, jiwe la matumbawe limejaa matundu na maji hupita upesi, kwa hiyo yasimwagwe upande wa kisima hata kidogo. Ondoa kifuniko asubuhi, washa mapovu, jua lipige hadi kipimo kisome sifuri ya kweli, yaani ile isiyometa waridi mwanzoni. Kisha vuta mpira hadi upande wa mbali ambako ardhi inateremka kuacha kisima, uyaachie polepole. Minazi itayavumilia, lakini bustani ya mboga haitaupenda uchumvi wake. Shimo la choo pia liepuke, kwa kuwa lita 1,500 kwa mkupuo huvuruga uozaji wa taka humo, na klorini ikibaki huua bakteria wanaofanya kazi hiyo.