Gari limekwaruzwa au limeingia maji: unaosha kwanza au unaita bima kwanza? Tupeane uzoefu

Wadau, masika yakishika Dar, maswali ni yaleyale: mkwaruzo ubavuni na maji ndani ya gari. Wengi hukimbilia kuosha, na madai ya bima huanza kuharibika hapohapo. Wenye kujua rangi, bima na umeme wa magari, wekeni hatua na vipimo. Visa vya nani alifanyiwa nini tuviache, tuandike kinachofanya kazi.

Fundi rangi

Picha kwanza, maji baadaye. Piga ya karibu, kisha ya mbali inayoonyesha namba ya gari.

Halafu osha eneo hilo, likauke, upitishe ukucha kukatiza mkwaruzo. Ukucha ukiteleza bila kunasa, mkwaruzo uko kwenye kliya, lile tabaka angavu la juu ya rangi, na utatoka. Ukinasa, umefika kwenye rangi. Ukiona chuma, usilale nacho, maana kwa hewa ya chumvi ya pwani kutu huanza baada ya siku chache tu. Paka praima ya kuzuia kutu japo kwa brashi ndogo, ila piga picha kabla hujapaka.

Wa kwenye kliya unatolewa hivi: msasa wa maji P2000, kisha P3000 ulio laini zaidi, mkono mwepesi, maji yawe na tone la shampoo, mpaka eneo zima liwe na ukungu wa aina moja. Ifuate kompaundi, dawa ya kusugulia alama za msasa, matone manne ya ukubwa wa punje ya choroko kwenye sponji ya mashine ya polishi, eneo lisizidi sentimita 50 kwa 50. Maliza na polishi laini.

Muwe waangalifu hapa. Kliya ya kiwandani ni kama maikroni 40 hadi 50 (maikroni 1,000 ni milimita moja), nyembamba kuliko unywele, na kila msasa unapita unakula akiba isiyorudi. Kingo za milango na mikunjo ya bonneti huungua kwanza, kwa sababu rangi pale ni nyembamba na sponji inakandamiza sehemu ndogo. Zibandikeni utepe wa karatasi kabla ya kuwasha mashine. Gari lililowahi kupigwa rangi upya gereji, anzeni na kompaundi peke yake, kwa kuwa unene wa kliya yake haujulikani.

Na sabuni ya unga ibaki kwenye nguo. Inaondoa nta yote, rangi inabaki wazi kwa jua. Tumieni ndoo mbili, moja ya shampoo, nyingine ya kusuuzia taulo. Ile mikwaruzo ya duara inayoonekana juani ni mchanga uliobaki kwenye taulo.

Wakala wa bima

Kabla ya kudai, piga hesabu. Bima ndogo ya gari binafsi, 118,000 pamoja na VAT, hailipi gari lako hata shilingi, inamlipa uliyemgonga. Bima kubwa kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani: gari la milioni 15 ni 525,000, ongeza VAT 94,500, jumla 619,500. Ndani ya mkataba kuna eksesi, kiasi unachobeba mwenyewe. Mkwaruzo unaotoka kwa pesa iliyo chini ya eksesi, mpe fundi aliyeandika hapo juu. Ukidai hupati kitu, na punguzo la mwaka bila madai unaweza kulikosa.

Kosa linaloumiza watu wengi ni kushusha thamani ili kulipa kidogo. Gari la milioni 15 umeliandikisha kwa milioni 10, ukapata hasara ya milioni 3. Kampuni inaweza kulipa theluthi mbili tu, milioni 2, kisha ikakata eksesi.

Ukigongwa, usiridhike na stika ya bima. Ingiza namba ya gari la aliyekugonga kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, palepale barabarani, uone kama bima ipo na inaisha lini. Ita polisi wapime. Majeruhi apate PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali.

Kingine kinachosahaulika: kijana wa kuosha magari akilisogeza gari lako bila leseni na akagonga, madai yanaweza kukataliwa. Baki na funguo.

Fundi umeme wa magari

Gari lililoingia maji, usipige stata, hata kwa kujaribu. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, pistoni inayapiga na konrodi, mkono unaoishika pistoni, inapinda. Kampuni ya bima ikiona injini imekufa kwa kuwashwa baada ya mafuriko, inaweza kukuambia uharibifu huo umeusababisha mwenyewe.

Toa waya wa hasi wa betri. Piga picha ya mstari wa matope ndani ya milango na kwenye viti, kwa sababu ndio ushahidi wa maji yalipofika, na kitambaa kimoja chenye maji kinaufuta. Ita bima, gari livutwe. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Angalia na ya gia boksi.

Mkaguzi akishamaliza, toa plagi zote, zungusha injini maji yaruke nje, badili oili na filta. Ikiwaka, iunguruze kama dakika 15 kisha umwage oili tena. Soketi za umeme zifunguliwe moja moja na kupuliziwa kikausha unyevu. Wengi wanaziruka, na miezi miwili baadaye taa za dashibodi zinaanza kuwaka ovyo.

Mwanzisha mada

Asanteni sana. Na ile harufu ya kapeti?

Fundi wa kusafisha ndani

Harufu haiko kwenye kapeti unayoiona, iko kwenye sponji nene iliyo chini yake. Toa viti (Toyota nyingi ni bolti nne za spana 14), lakini betri iwe imekatwa kwa dakika kadhaa kabla ya kugusa soketi za njano, kwa kuwa ni za eabegi, mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga. Kapeti isuuzwe kwa maji safi, shampoo, isuuzwe tena, ikae juani siku 2 au 3. Sponji iliyolowa maji ya mtaroni itupwe. Badili na filta ya kabini nyuma ya droo ya dashibodi, la sivyo AC itakurudishia harufu ileile. Ila vilivyotolewa visiende jalalani kabla mkaguzi hajaviona. Viwekeni kwenye mfuko pamoja na risiti.