Ndulele kwenye ploti: ni dawa au sumu?

KiwanjaRongai
Hamjambo? Nina kaploti huku Rongai, upande wa Tuala, na tangu mvua inyeshe ndulele, vile vichaka vya miiba vyenye matunda ya njano, zimejaa mpaka langoni. Nilimwambia kibarua ang'oe zote. Mama mkwe akamzuia: abakishe shina moja, ni dawa ya jino. Jirani mwenye mbuzi anasema ni sumu tupu. Nimsikilize nani? Na hili jina lake lingine, "tufaha la Sodoma", lilitoka wapi?

MchungajiWaGikomba
Wote wawili wana haki. Siku hizi nauza viatu vya mitumba Gikomba, lakini nimekulia Kajiado nikichunga, na ndulele ndizo zilizokuwa mifugo yetu watoto. Matunda ya njano ni ng'ombe, mabichi yenye mistari ni ndama, boma ni vijiti vya miiba. Mwenye mengi ndiye tajiri. Nimewahi kurushiana ngumi na binamu yangu kwa ajili ya fahali wa ndulele, na mpaka leo nasema fahali alikuwa wangu.

Lakini kulionja? Hata yule mtundu kabisa hakuthubutu.

Dawa ilikuwa kazi ya bibi. Alichimba mzizi, akauosha, akakata kipande kidogo. Anayeumwa na jino anakitafuna upande ule, kisha anatema. ANATEMA, ndugu zangu, na mate yote. Maji ya tunda yalipakwa kwenye choa, juu ya ngozi tu. Kuna wafugaji wanaogandishia maziwa kwa tunda hili. Sisi tulikuwa na kibuyu kilichofukizwa kwa mzeituni mwitu, hatukuwa na haja nalo.

Jirani naye asipuuzwe. Tunda lina sumu iitwayo solanini, na mabichi ndiyo makali. Mnyama mwenye malisho mazuri hulipita, ila akibanwa na njaa atakula. Ndiyo maana wazee wakiona ndulele zimetanda walisema malisho hapa yamechoka, wakafikiria kuhama.

TichaWaCRE
La Sodoma naliweza. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba kwenye nchi ya Sodoma, karibu na Bahari ya Chumvi, kuna matunda yenye rangi ya kuvutia, ukiyachuma yanageuka moshi na majivu. Wengi huona alikusudia mmea mwingine, Calotropis procera, ambao tunda lake limejaa hewa. Ndulele ilibandikwa jina tu. Ipasue uone: ni mbegu tele kama za biringanya, maana ni ukoo mmoja.

Laikipia_Damu
Ongezeni hii: watafiti waliofanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Mpala, kwetu Laikipia, walichapisha mwaka 2014 kwamba tembo na swala pala hula mmea huu, majani na matunda, na ndio wanaouzuia kuenea. Kwa hiyo KiwanjaRongai, tafuta tembo 😂

KiwanjaRongai
Tembo hatapita Magadi Road na hiyo jam. Basi shina la mama mkwe litabaki nyuma ya tangi. Hayo mengine nafyeka?

MchungajiWaGikomba
Usifyeke, linachipuka tena. Ng'oa na mzizi udongo ukiwa bado na maji, na uvae glavu, miiba ile haina adabu. Hilo la nyuma ya tangi lizungushie kitu kama una watoto. Likiiva ni nyanya kabisa kwa macho ya mtoto.