Tuisheni, kikundi cha kujisomea au akili mnemba: kipi kinamfaa mwanafunzi wa fizikia huku kwetu?

MzaziMwanga (Kigoma)
Ndugu wanajukwaa, salaam. Binti yangu yuko kidato cha nne katika shule ya kutwa hapa Kigoma mjini. Masomo mengine anayamudu, lakini fizikia, hususan mekanika na mawimbi, inamwangusha katika kila mtihani wa majaribio. Nimeshauriwa njia nne: tuisheni ya jioni, kikundi cha wenzake wanaofanya mitihani ya miaka iliyopita, makundi ya WhatsApp ambamo maswali hupigwa picha na kujibiwa, na programu za akili mnemba katika simu. Fedha niliyonayo inatosha kulipia njia moja tu. Naomba wenye uzoefu wanilinganishie, na kila mmoja aeleze sababu zake.

MwalimuIsevya (Tabora)
Mzazi mwenzangu, kabla ya kutoa shilingi, chunguza kwanza binti anakosea wapi. Chukua swali linalojirudia mno: boksi la kilo 5 linateleza katika mteremko wa nyuzi 30, msuguano wa nyuso hizo umepewa kipimo cha 0.3, tafuta mchapuko wake. Wengi huandika kwamba ubao unalisukuma boksi kwa nyutoni 50, yaani uzito wake wote, ilhali ubao ulioinama hubeba sehemu tu ya uzito huo, takriban nyutoni 43. Kwa kosa hilo msuguano unakuwa nyutoni 15 badala ya 13, na mchapuko unatoka mita 2 kwa sekunde mraba badala ya takriban 2.4. Fomula alizotumia ni zile zile zilizomo katika daftari, kuzidisha na kutoa kwake hakuna dosari, na bado jibu si lenyewe, kwa kuwa hakuchora mishale ya kani kabla ya kuanza kuhesabu.

Mwanafunzi wa namna hiyo ukimwongezea fomula humsaidii kitu. Ndiyo maana mimi hupima msaada wowote kwa swali moja: je, anayemsaidia anataka kwanza kuuona mchoro na hatua za mwanafunzi, au anakimbilia kutoa jibu? Kwa kipimo hicho, tuisheni ya darasa lililojaa hadi wengine wanaandikia magotini haina tofauti kubwa na kunakili ubaoni shuleni. Tuisheni ya wanafunzi wachache, ambayo mwalimu huzunguka na kalamu nyekundu akisoma kila daftari, ina thamani ya fedha yako. Usilipe mwezi mzima kabla hujaliona daftari la mwanafunzi mwingine wa hapo. Kama halina masahihisho ndani ya hatua, bali alama ya vema mwishoni tu, endelea na safari yako.

Ujiji_KidatoChaSita
Shikamoo Mzazi, shikamoo Mwalimu. Mimi natetea kikundi pamoja na simu, kwa sababu ndivyo nilivyosoma. Kikundi kinapofanya mtihani wa mwaka fulani bila kutazamiana, kisha kila mmoja akasimama kueleza swali lake, ndipo inapojulikana nani ameelewa na nani amekariri. Kasoro yake naikubali: wote mkiwa hamjui, mtakubaliana kwa furaha juu ya kosa. Dawa ya hilo ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza la Mitihani huzitoa kwa kila somo, zikiwa na sampuli za majibu mazuri na mabaya na maelezo ya kwa nini watahiniwa walipoteza alama. Hazilipiwi, na nashangaa jinsi wanafunzi wachache wanavyozifungua. Vitabu vya kiada navyo vimo katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Kuhusu akili mnemba, faida yake kubwa kwetu ni lugha. Darasani tunafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na wengi hukwama katika kulielewa swali kabla hata ya kufika kwenye fizikia yenyewe. Nilikuwa naiomba programu inieleze dhana kwa Kiswahili, kisha naandika jibu langu kwa Kiingereza na kuiomba initafutie kosa bila kunipa suluhisho. Mawimbi niliyaelewa hivyo, nikaenda kuyathibitisha ufukweni Kibirizi. Tuseme wimbi linasafiri mita 4 kwa sekunde, na urefu wake ni mita 10. Yanapita mawimbi manne kila sekunde kumi. Likifika kwenye maji mafupi kasi ikashuka hadi mita 2 kwa sekunde, idadi ile ya manne kwa sekunde kumi haibadiliki, kwa hiyo urefu wa wimbi lazima upungue hadi mita 5. Ukisimama pale utayaona yakibanana yanapokaribia mchanga.

FundiReli_Tabora
Naafikiana na kijana kuhusu kikundi, ila anaihurumia mno simu. Nimeona programu hizo zikisoma vibaya picha ya kapi yenye kamba mbili, zikaihesabu kama kapi moja, na maelezo yakaja kwa ufasaha ambao mwanafunzi hawezi kuutilia shaka. Anayeweza kuligundua kosa hilo ni yule ambaye tayari anajua. Wasiojua ndio wanaouziwa mbuzi kwenye gunia.

Makundi ya WhatsApp nayaweka mwisho kabisa. Humo picha ya swali hutumwa usiku, jibu hurudi bila hatua, na asubuhi watu thelathini wanalo jibu lile lile. Swali la mwangwi ni mfano mzuri: mtu anapiga makofi mbele ya mwamba, mwangwi unarudi baada ya sekunde 2, sauti inasafiri mita 340 kwa sekunde, mwamba uko umbali gani? Jibu la mita 680 husambaa haraka, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba sauti imekwenda na kurudi, na mwamba uko mita 340. Nyie wa Kigoma mna swali bora zaidi mlangoni. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470 penye kina kirefu kuliko pote, na sauti katika maji husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde. Mwulize binti mwangwi kutoka chini utachukua muda gani kurudi chomboni. Akisema sekunde moja, umejua tatizo lake bila kumlipa mtu.

MzaziMwanga (Kigoma)
Nawashukuru sana. Nimemwuliza swali la ziwa jioni hii, naye alichora mstari wa kwenda na wa kurudi, akapata karibu sekunde 2. Lakini swali la boksi la Mwalimu amelikosa vilevile kama ilivyoelezwa, nyutoni 50 na yote yaliyofuata. Basi fedha nitaielekeza kwenye tuisheni ya watu wachache, kwa mekanika tu, na mawimbi ataendelea nayo kikundini. Mwalimu, je, mtihani wa vitendo nao unaweza kuandaliwa nyumbani, au huo ni lazima maabara?

MwalimuIsevya (Tabora)
Sehemu yake inawezekana. Uzi, jiwe dogo na saa ya simu vinatosha kwa jaribio la pendulamu, na ndilo ningeanza nalo. Abadili urefu wa uzi mara tano au sita, apime muda wa mabembeo 20 kila mara, kisha achore grafu ya mraba wa muda wa bembeo moja dhidi ya urefu. Mstari ukiwa na mwinamo wa karibu 4, kazi imekwenda vizuri, na mvutano wa dunia utatoka karibu na 9.8.

Wewe kaa pembeni umsikilize anavyohesabu. Anapoachia jiwe aseme sifuri. Akianza na moja, atakuwa amepima mabembeo 19 huku akiandika 20, na mvutano wa dunia utamtokea karibu 10.9; kosa hilo halionekani katika daftari lake wala katika picha atakayoituma kwa mtu yeyote, linasikika tu.