Antibayotiki ya maji: nimepewa chupa mbili za unga, nizichanganye zote leo?

Mama Tunu
Habarini wapendwa. Mwanangu ana mwaka na miezi minane, kilo 11. Sikio lilimsumbua, homa juu, usiku kucha analia akijivuta sikio. Daktari amechungulia na kile kitochi chake, akasema ngoma imevimba na nyuma yake kuna usaha. Tumeandikiwa amoksilini yenye klavulaniki, mililita 5 asubuhi na mililita 5 jioni, siku 10. Famasi wamenipa chupa mbili za unga, kila moja ikichanganywa inatoa mililita 70, na kijiko cha plastiki. Karatasi ya ndani ina maandishi ya sisimizi.

Nichanganye zote mbili nimalize kazi? Akitema au akitapika, narudia? Halafu mama mkwe anasema homa ikishuka dawa iachwe, eti itamchosha mtoto. Sitaki ugomvi, nataka tu nijue la kumjibu.

Baba Mapacha
Pole sana mama. Mimi si mtaalamu, ila hilo la kutema nalijua. Achana na kijiko, kaombe bomba la kupimia dawa, lile lisilo na sindano. Mtoto mkalishe wima mapajani, ncha ya bomba ipite pembeni, kati ya shavu na fizi. Sukuma kidogo, ameze, sukuma tena. Usilenge kooni, na usimlaze chali ukamziba pua kama wengine wanavyofanya, atapaliwa. Wa kwangu mmoja anameza bila shida, mwenzake anaitunza dawa mdomoni mpaka ugeuke, ndipo anaimwaga. Huyo siondoki mbele yake mpaka nimwone amekunywa maji juu yake.

Na usiitie kwenye chupa nzima ya maziwa. Akiacha nusu, utajuaje dawa kiasi gani imeingia?

Mzee wa Dirishani
Mama Tunu, usichanganye zote. Nimekaa dirisha la dawa muda mrefu, na swali lako ndilo ambalo watu wengi huondoka bila kuuliza.

Klavulaniki, ile inayoilinda amoksilini isivunjwe na bakteria, ikishagusana na maji inaanza kuharibika. Ndiyo maana dawa hiyo ikishachanganywa inakaa kwenye friji (isigande) na ina siku zake. Nyingi zimeandikwa siku 7, nyingine 10, soma chupa yako. Unga mkavu hauna haraka hiyo. Sasa piga hesabu: mililita 10 kwa siku, chupa ya 70 inakwenda siku 7. Siku ya 8 ndipo unachanganya ya pili. Zitabaki kama mililita 40, hizo zirudishe famasi waziharibu. Najua inauma, umelipia, lakini si akiba ya sikio lijalo. Andika tarehe ya kuchanganya kwenye lebo kwa kalamu isiyofutika, maana siku ya 5 hakuna anayekumbuka.

Kuchanganya kwenyewe kuna utaratibu. Maji yawe yamechemka na yamepoa kabisa, ya moto yanaiharibu dawa. Kabla ya maji, gongagonga chupa ubavuni mpaka uusikie unga unacheza ndani. Tia sehemu ya maji, funga, tikisa kwa nguvu, halafu pindua chupa uangalie kitako: pale pembeni unga hupenda kung'ang'ania kama saruji. Tikisa mpaka kitako kiwe safi. Litapanda povu, lingoje lishuke, ndipo uongeze maji mpaka kwenye mstari. Ukisoma mstari kwenye povu utadhani umefika kumbe maji hayatoshi, na dawa inakuwa kali kuliko ilivyoandikwa. Kama karatasi imetaja kiasi cha maji, pima kiasi hicho hicho. Ukiona shida, mwambie mfamasia akuchanganyie ya kwanza mbele yako. Hiyo ni kazi yake, hakufanyii hisani.

Kila unapompa, tikisa tena. Dawa hutuama chini. Asiyetikisa anampa mtoto maji matamu siku za mwanzo na tope kali siku za mwisho.

Halafu kuna jambo ninalotaka ulikazie macho kuliko yote: mililita peke yake haisemi kitu. Chupa yako huenda imeandikwa miligramu 228 kwa mililita 5, na pembeni yake rafuni ipo ya miligramu 457 kwa mililita 5, karibu mara mbili, boksi linafanana. Kuna mzazi alikuja kuchukua dawa akaniambia, "Nipe tu, vipimo navijua, nampa 5 kama mara ile." Mara ile ilikuwa amoksilini ya 125, nami nilikuwa na ya 250 mkononi. Kwa hiyo kabla hujatoka dirishani, linganisha nguvu iliyoandikwa kwenye chupa na ile ya kwenye cheti. Dozi ya mtoto hutoka kwenye kilo zake, kwa hiyo hakikisha aliyeandika alimpima. Umri unakisia tu. Vijiko vya jikoni vyote viweke kando, hakuna viwili vinavyolingana.

Kutapika: ikiwa ni ndani ya nusu saa, kwa kawaida unarudia dozi ile mara moja. Nusu saa ikishapita, usirudie, subiri wakati wake. Akitapika kila dozi, rudi kwa daktari, dawa haifanyi kazi ikiwa sakafuni. Ukisahau dozi, mpe ukikumbuka, isipokuwa kama inayofuata imekaribia. Hapo iruke uendelee. Usimpe mbili kwa mpigo.

Tumbo kulegea na dawa hii ni kawaida, klavulaniki ndiyo mchokozi. Mpe anapoanza kula, inasaidia. Akiharisha sana mpe ORS na usikilize daktari. Kinyesi kikiwa na damu, nenda siku hiyo hiyo. Akitoka mabaka yanayowasha, simamisha dawa upige simu. Midomo au uso ukivimba, au akikoroma kwa shida ya pumzi, usipige simu ya ushauri, kimbia hospitali.

Mama mkwe mwambie hivi, kwa heshima: homa hushuka siku ya pili au ya tatu kwa sababu bakteria wamepungua, si kwamba wamekwisha. Mtoto wa chini ya miaka miwili sikio lake hurudi kirahisi, ndiyo maana kaandikiwa 10. Ila hajakosea kote. Antibayotiki kupita kiasi kweli si nzuri, na mtoto mkubwa zaidi mwenye sikio lisilo kali daktari anaweza kumwandikia siku chache, au hata kumwangalia kwanza bila kumpa. Anayepunguza siku ni daktari, wala si kipimajoto cha nyumbani. Na homa isiposhuka baada ya siku 2 au 3, rudi, usingoje zifike 10.

Mama Tunu
Asante sana mzee wangu, ubarikiwe. Hapo kwenye povu hakuna aliyeniambia. Baba Mapacha, bomba nimepata. Moja la mwisho: kaka yake ana miaka minne, anakohoa na mafua yanamtoka. Zile 40 zitakazobaki siwezi kumpa yeye badala ya kuzirudisha?

Mzee wa Dirishani
Hapana mama. Mafua na kikohozi cha mafua ni virusi, dawa hii haiwagusi. Itamfundisha tu bakteria aliye naye tumboni kuizoea dawa. Akianza kupumua haraka haraka au kifua kikizama chini ya mbavu akivuta pumzi, mpeleke akaangaliwe, hilo ni jambo jingine.

Hatuna Friji
Shikamoo mzee. Na sisi ambao friji hatuna?

Mzee wa Dirishani
Marahaba. Lisemeni kwa daktari kabla hajaandika, si kwangu dirishani mkiwa mmeshalipa. Amoksilini ya kawaida, isiyo na klavulaniki, nyingi huvumilia kabati penye kivuli na ubaridi, na kwa magonjwa mengi inatosha. Tena kuna vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha, ambavyo Shirika la Afya Duniani linavipendekeza kwa nimonia ya watoto wa chini ya miaka mitano: unayeyusha kwenye maji kidogo wakati wa kumpa, hakuna chupa ya kutunza. Antibayotiki nyingine za maji hata hazitaki friji. Klarithromaisini ya maji, kwa mfano, ukiiweka kwenye friji inakuwa nzito na chungu. Kwa hiyo msifuate chupa ya jirani, fuateni lebo yenu.