Tupeane uzoefu: umewahi kudai taarifa zako binafsi kwa kampuni au ofisi? Walikujibu nini?

#1 (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Nafungua uzi huu kwa yeyote aliyewahi kuiandikia kampuni, mwajiri au ofisi akitaka kujua inahifadhi nini kumhusu, au akidai kitu kisahihishwe au kifutwe. Sheria zipo siku nyingi. Azimio la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 12, linakataza mtu kuingiliwa ovyo faragha yake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi (GDPR) ilianza kutumika Mei 25, 2018. Kenya wakatunga sheria yao 2019, Tanzania 2022. Vifungu vyake vimeshaelezwa sana, ila wanaosimulia ilivyokuwa walipovitumia ni wachache mno.

Naanza mimi. Kampuni ya bima ilinipandishia ada ghafla. Kila nikipiga simu, anayepokea ananiambia mfumo ndivyo ulivyokokotoa. Nikaacha simu, nikaandika barua pepe fupi: "Kwa mujibu wa sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, naomba nakala ya taarifa zote mnazohifadhi kunihusu, mlizipata wapi, mmempa nani, na mtakaa nazo hadi lini." Sikueleza nataka kuzifanyia nini, na hilo si sharti. Faili lilipokuja nikakuta nimeandikiwa ajali mbili. Majina yangu, lakini tarehe ya kuzaliwa ya mtu mwingine kabisa! Kuanzia hapo ubishi uliisha. Nikadai marekebisho, wakasahihisha na kiasi kilichozidi wakakirudisha.

Ndiyo maana nawaambia watu: kabla hujadai kufutiwa au kulipwa fidia, omba nakala kwanza. Bila ile nakala ningekuwa bado nabishana na watu wa simu ambao nao faili hawalioni.

#2

Mwanzisha mada ubarikiwe. Yangu ni ya mikopo ya kwenye simu, na aliyekopa si mimi, ni shemeji yangu. Programu ile ukiiweka inaomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi kwenye simu, na usipobonyeza "Ruhusu" haiendelei. Basi na mimi nikachukuliwa humo. Siku deni lake lilipochelewa ujumbe ukaingia kwangu: "Wewe ni mdhamini wa huyu mtu, mwambie alipe leo la sivyo tutawajulisha wote." Nikashangaa, maana sijawahi kumdhamini mtu yeyote.

Nilichoshikilia ni kitu kimoja: shemeji alitoa ridhaa yake, yangu hakuwa nayo ya kuitoa. Nikawaandikia kuuliza namba yangu wanaitumia kwa msingi gani wa kisheria. Kimya. Nikapeleka malalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa. Walichotaka kwangu ni picha za skrini zinazoonyesha namba iliyotuma, tarehe na saa, pamoja na ile barua niliyowaandikia. Wakuu, msifute ujumbe wa matusi kwa hasira. Hasira tunaielewa, ila huo ujumbe ndio ushahidi wenyewe. Namba yangu iliondolewa na kampuni ikaandika barua ya kuomba radhi. Shemeji deni lake alilipa kama kawaida, haki ya faragha haifuti deni la mtu.

#3

Mimi picha yangu ilitumika kwenye tangazo la chuo nilichosoma, miaka baada ya kuhitimu. Nilidai waitoe, wakaitoa mtandaoni haraka. Vipeperushi vilivyokwisha kuchapwa ndiyo tunavutana hadi sasa. Kuhusu fidia bado hawajanijibu.

#4

Mchango wangu ni wa ajira. Nilituma maombi ya kazi usiku wa manane, na jibu la kukataliwa likaja kabla sijafunga kompyuta. Hakuna binadamu aliyesoma wasifu ule. Nilikuwa naishi nchi ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo nikatumia ibara ya 22 ya kanuni yao, inayohusu uamuzi uliofanywa na mashine peke yake ukakuathiri kwa uzito. Unaweza kudai mtu auangalie upya, useme la kwako na uupinge uamuzi.

Wakajibu kwamba mashine inatoa alama tu, mwamuzi ni mtu. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, na ndipo panapotakiwa ung'ang'anie. Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya SCHUFA, kampuni ya Ujerumani inayowapa watu alama za ukopaji, ilisema kule kutoa alama kwenyewe ni uamuzi wa mashine ikiwa anayeipokea anaitegemea kwa kiasi kikubwa. Niliwanukuu hilo. Wasifu wangu ukasomwa na mtu, nikaitwa kwenye usaili. Kazi alipata mwingine, lakini nilisikilizwa.

#5

Nyie mna bahati. Mimi nimewaandikia, wamenipuuza kabisa. Sasa hizo sheria zinanisaidia nini?

#6 (mwanzisha mada)

Ndugu yangu #5, pole sana. Angalia sheria ya mahali kampuni ilipo na ulipo wewe inatoa muda gani. Kwa Ulaya ni mwezi mmoja. Wanaweza kuongeza miwili kama ombi ni gumu, lakini lazima wakuarifu ndani ya ule wa kwanza. Muda ukipita, ule ukimya ndio unakuwa lalamiko lako kwa mamlaka. Andika tarehe uliyotuma, anuani uliyotumia, na tarehe ya mwisho iliyopita bila jibu. Barua isizidi ukurasa mmoja, wasomaji wa kule wana mafaili mengi.

Na usidhani mtu mmoja hawezi kitu. Mwaka 2011 Max Schrems, wakati huo mwanafunzi wa sheria kutoka Austria, aliiomba Facebook nakala ya taarifa zake akapata kurasa zaidi ya 1,200, zikiwemo jumbe alizokwisha kuzifuta. Lalamiko lake jingine lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na mwaka 2015 mpango wa Safe Harbor, uliokuwa ukiruhusu taarifa za watu wa Ulaya kupelekwa Marekani, ukabatilishwa. Uliofuata, Privacy Shield, nao ukaanguka 2020.

#7

Niongezee kuhusu kufutiwa, maana watu wanachanganya. Nilishtakiwa, nikaachiwa huru, lakini ukitafuta jina langu mtandaoni inatangulia habari ya kukamatwa. Niliomba kampuni ya kutafutia habari mtandaoni iondoe kiungo, ikakubali. Gazeti lilikataa kufuta habari, ila lilikubali kuongeza mstari kwamba niliachiwa. Kwa kweli ule mstari umenisaidia kuliko hata kuondolewa kiungo. Msingi wa haya ni hukumu ya Mei 2014 katika kesi ya Google Hispania: kiungo kinaondolewa kwenye matokeo ya anayetafuta kwa jina lako, habari yenyewe inabaki pale ilipo.

#8

Jamani naombeni msaada. Kaka yangu amefariki na mama anataka picha zilizoko kwenye akaunti yake. Kampuni inasema taarifa ni za mwenyewe, haitoi kwa mtu mwingine. Kuna aliyepitia hili?

#9

Pole sana kwa msiba, dada. Tulipita njia hiyo kwa baba yetu. Kanuni ya Ulaya haiwahusu marehemu, imeziachia nchi zenyewe. Ufaransa, kwa mfano, sheria ya 2016 inamruhusu mtu kuacha maelekezo taarifa zake zifanyweje akishafariki. Sisi hatukuwa na maelekezo yoyote, kwa hiyo tuliwasilisha cheti cha kifo na hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Hatukuomba akaunti yote wala nywila. Tuliomba picha peke yake, tukataja miaka. Jumbe walikataa, picha walitoa.

Kaka aliacha barua pepe ya akiba au mtu aliyemteua ndani ya akaunti? Na msimamizi wa mirathi ameshateuliwa? Tuambie hayo mawili kwanza, halafu nitakuwekea hapa barua tuliyotumia sisi, nitaondoa majina tu.