Naomba ushauri: riwaya ya mashoga wawili wa Ng'ambo, mwaka 1928

Mwandishi Mchanga
Assalamu alaykum wana jamvi. Naandika riwaya ya mashoga, yaani marafiki wa kike: Mwanaisha wa Makunduchi, Unguja, na Faida wa Pemba, ambaye mamake alikuwa mjakazi. Wanakutana Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, wananunua nyumba moja, wanaishi bila mume. Kwenye rasimu, Mwanaisha analima mwani, anaweka shilingi kibindoni, kisha anamrejeshea mumewe mahari ili aachike. Nikosoeni mapema, khasa kazi, fedha, talaka na nguo.

Pwani Mashariki
Waalaykum salaam. Mwani uondoe leo hii. Kilimo chake kimeingia Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1928 msomaji wa Paje atacheka. Mpe makumbi ya nazi. Huchimbwa shimo pwani panapojaa na kupwa, makumbi yakatiwa ndani, yakafunikwa mchanga na mawe yasichukuliwe na maji. Hukaa miezi kadhaa. Yakifukuliwa, hupondwa kwa gongo, huoshwa, huanikwa, ndipo usumba, yaani nyuzi zake, ukasokotwa kamba. Akifukua mapema, nyuzi hazibanduki kwenye ganda; akifukia juu mno ya pwani, maji hayafiki na makumbi hayalainiki. Riwaya itafaidika hapo, maana fedha yake imelala chini ya mawe na yeye ana haja nayo sasa. Katikati atafute pweza siku za bamvua, bahari inapokupwa mbali, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji mafu, bahari inapokupwa kidogo, hayafunui mwamba wa mbali, kwa hiyo angalia tarehe za mwezi kabla hujamtuma pwani.

Karani
Shilingi nayo si ya wakati huo. Unguja ilitumia rupia mpaka mwisho wa 1935. Rupia moja ilikuwa ana 16, na kila ana moja ilikuwa pesa 4. Sokoni mtu wa kawaida anahesabu pesa na ana, rupia ni ya mambo makubwa.

Kuhusu nyumba: Ng'ambo ungeweza kumiliki nyumba bila kumiliki kiwanja. Kuta za fito na udongo na paa la makuti ni vyako, ardhi ni ya mwingine au ya wakfu, na unailipia kodi. Usiandike tu "walinunua nyumba" ukapita. Mwaka 1928 wenyeji wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi hiyo ya ardhi, na wanawake wenye nyumba walikuwamo. Umechagua mwaka mzuri, sijui kama kwa kukusudia! Ugomvi wa mashoga wako uanzie hapo: mmoja anataka kugoma, mwingine anaogopa kuvunjiwa.

Bi. Chuoni
Mwanangu, talaka umeichanganya. Mke akitaka kutoka kwa kurejesha mahari, hiyo ni khului: wanakubaliana fidia, na mume ndiye anayetamka. Mume akikataa, kurejesha mahari peke yake hakumwachishi. Akiwa amemtelekeza bila matumizi, aende kwa kadhi kudai faskhi, yaani kadhi aivunje ndoa. Mtu wa Makunduchi mpeleke kwa kadhi wa Kisunni. Wa Kiibadhi naye alikuwapo, usiwachanganye. Baada ya hapo kuna eda, twahara tatu. Ukimfanya mjane ni miezi minne na siku kumi, na mjane hazururi Darajani ndani ya eda yake.

Mamake Faida pia mhesabie vizuri. Amri ya 1897 ilimpa mtumwa haki ya kuomba uhuru, lakini masuria waliachwa nje mpaka 1909. Amua alikuwa nani kabla hujaandika neno "huru".

Doti Moja
Nguo: kaniki, kitambaa cheusi cha bei rahisi, ilikuwa alama ya utumwa, kwa hiyo Faida aikwepe hata akiwa hana kitu. Kanga wanunue doti, yaani vipande viwili, wakate, kila mmoja kipande chake, tena jina (maneno ya kanga) lilelile mwilini kwa wote wawili. Ila nani atalisoma? Skuli ya serikali ya wasichana imefunguliwa 1927, hawa ni watu wazima. Aliyepita chuoni akajua Qur'ani ataweza kanga ya herufi za Kiarabu, ya Kizungu itamshinda. Na usiwasikilizishe santuri ya mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad mwaka 1927. Safari ya kurekodi Bombay ni ya 1928.

Mwandishi Mchanga
Ahsanteni sana. Bi. Chuoni, nitamfanya mume ametoweka, nielekee faskhi. Faida nimrudishe Pemba kwa msimu wa karafuu apate fedha ya kodi, inakubali?

Karani
Inakubali, ila angalia miezi: vuno kubwa liweke kuanzia Julai hadi mwisho wa mwaka. Mchumaji hulipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo. Jioni ni kuchambua, tumba za karafuu huku, makonyo (vikonyo) kule, kisha kuanika kwenye majamvi siku nne au tano za jua. Mvua ikizikuta hazijakauka na zikaachwa zimerundikwa, zinapata moto, zinapauka na bei inaanguka. Lakini hasara hiyo ni ya mwenye shamba. Faida amekwisha lipwa pishi zake, basi usimlize kwa mvua.